Magunia 53 yasiyo na mwenyewe

Kila mwisho wa mavuno, swali linalorudi katika koperative zetu za Lualaba ni lile lile: mahindi yangu yalihesabiwa namna gani, na makuta yangu iko wapi? Wanachama wakiwa kumi, jibu linapatikana chini ya mwembe, daftari likiwa magotini. Wakifika arobaini, wengine wamechukua mbolea kwa mkopo, wengine wameleta magunia mara tatu kwa siku tofauti, jibu linaanza kukawia. Na likikawia, maneno yanaanza.

Msimu huu tulifuata koperative moja ya teritware ya Mutshatsha, upande wa barabara inayotoka Kolwezi kwenda Dilolo. Ilimpokea mwanafunzi wa agronomia kwa staji ya miezi miwili. Kazi aliyopewa: kuingiza madaftari ya koperative katika ordinatere, kisha kuonyesha hesabu mbele ya mkutano wa wanachama. Jina la koperative na la binti huyo hatuyaandiki, kwa sababu mambo yalipita kwenye kona kali kabla ya kunyooka. Namba nazo tumezifanya nyepesi ili kila msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu. Makosa tumeyaacha jinsi yalivyo.

Kutoka daftari mpaka tablo

Alifika mwezi wa tano, wakati mahindi yanaingia ghalani. Alikuja na ordinatere yake ya mitumba na cheti cha mafunzo ya enformatike. Excel alikuwa anaijua kwa kuandika na kupaka rangi. Kama wanafunzi wengi wa huku, sehemu kubwa ya enformatike aliisoma ubaoni: mwalimu anachora visanduku kwa chaki, darasa linanakili. Mtu anaweza kupata alama nzuri kwa njia hiyo na asijue mashini itafanya nini siku akiandika vibaya.

Kumbe tablo hii yenyewe ilianzia ubaoni. Mwaka 1978, Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara katika chuo kikuu cha Harvard, Marekani, aliona jinsi mwalimu anavyoteseka na hesabu za chaki: namba moja ikibadilika, lazima afute na kuandika upya zote zinazoitegemea. Akishirikiana na Bob Frankston akatengeneza programu iliyoitwa VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979. Excel ya Microsoft ilifuata mwaka 1985. Wazo halijabadilika: unaandika namba mara moja, na zote zinazotoka kwake zinajirekebisha zenyewe. Mama kesiere wa koperative, ambaye kila bei ikisogea alikuwa anakaa na karatasi na kalkulatrise mpaka usiku, hakuhitaji maelezo marefu juu ya faida ya jambo hilo.

Madaftari yalikuwa mawili. La mama kesiere linaandika nani alileta mahindi, kiasi gani, na deni lake la mbolea. La papa magazinie linaandika kilichoingia na kilichotoka ghalani. Wanachama ni 42. Binti akachukua daftari la mama kesiere, akalinakili mstari kwa mstari, vilevile lilivyoandikwa.

Hapo tusimame kidogo. Daftari linasomwa na mtu, na mtu anaelewa. Mama kesiere akiandika “5 na meka 6”, kila mwanachama anajua ni magunia matano na meka sita juu yake. Akiandika “1/2”, ni nusu gunia. Ordinatere haielewi hivyo. Inauliza kitu kimoja tu juu ya kila kisanduku: hii ni namba, au ni maandishi?

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Binti aliandika 1/2 kwa mwanachama mwenye nusu gunia. Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunatumia huku, ikasoma tarehe mosi Februari. Na ndani ya mashini, tarehe ni hesabu ya siku tangu mwaka 1900. Alipojumlisha, yule mwenye nusu gunia akawa na magunia zaidi ya 45 000! Kampuni za mgodi zenyewe zingekuja kumwomba bukari. Kosa kubwa hivyo halina hatari, kwa sababu linaonekana hata na mtoto. Akarekebisha kwa kuandika 0,5, na koma. Koma ni ya lazima: kwenye ordinatere iliyopangwa kwa Kifaransa, ukiweka nukta mahali pa koma, mashini inaweza kuichukua namba kuwa maandishi, au hata kuigeuza kuwa tarehe.

Kosa la pili halikuonekana. Mistari tisa ilikuwa na maneno ndani yake: “5 na meka 6”, “7 na meka 4”, na kadhalika. Excel ikihesabu kwa fomula =SOMME(B2:B43), kisanduku chenye maneno inakiruka. Haisemi kitu, haiwashi taa nyekundu. Inatoa jumla yenye kufanana na ukweli. Kulikuwa na alama moja ambayo ingemwonya. Kwa kawaida Excel inasogeza namba upande wa kuume wa kisanduku na maandishi upande wa kushoto, kwa hiyo mistari tisa ingejitenga yenyewe machoni. Lakini alikuwa ameweka kila kitu katikati ili tablo ipendeze.

Mkutano wa kwanza

Siku ya mkutano binti alikuja na diapo 26. Chuoni ndivyo wanavyofundishwa kutetea kazi ya mwisho: ukurasa wa cheo, utangulizi, tatizo, madhumuni, mbinu, na kuendelea. Zote kwa Kifaransa, herufi ndogo, na maneno yenye kuruka kutoka pembeni. Tulikaa nyuma pamoja na wamama. Jua la saa sita lilikuwa linaingia mlangoni na projektere haikuwa na nguvu, basi ukutani kulionekana kama kivuli cha maandishi. Projektere yenyewe ilikuwa inakula betri ya sola. Nyaya kubwa za umeme wa bwawa la Nzilo zinaelekea migodini. Vijiji vingi vinaziangalia tu zikipita.

Hatumlaumu. PowerPoint, iliyotoka mwaka 1987 kutoka mikononi mwa Robert Gaskins na wenzake wa kampuni ya Forethought, na ambayo Microsoft iliinunua mwaka ule ule kwa dola milioni 14, mwanzoni ilikuwa ya kuchapa kurasa za kuonyesha kwa retroprojektere. Ni kifaa cha kumshikia mtu taa wakati anasema. Siku hizi wengi wanaandika hotuba nzima ukutani, halafu wanageuka, wanawapa watu mgongo na kusoma. Tumeliona jambo hilo hata kwa wataalamu wakubwa katika mikutano ya Kolwezi, wenye kulipwa vizuri kwa kazi hiyo.

Kwenye diapo ya 14 ikatoka jumla: wanachama wameleta magunia 318. Papa magazinie, ambaye alikuwa anafuata na daftari lake, akanyanyua kichwa. Ghalani, akasema, kuna magunia 371. Hayajauzwa hata moja. Watu watatu wakatumwa kuhesabu, wakarudi: 371 kweli.

Magunia 53 yasiyo na mwenyewe.

Msomaji wa mbali anaweza kufikiri hiyo ni habari njema, mahindi yamezidi. Mwanachama wa koperative hafikiri hivyo. Magunia yakizidi ghalani, maana yake mtu ameingiza mahindi ya kwake, au ya mfanyabiashara fulani, ili yauzwe kwa bei ya koperative na kwa usafiri uliolipwa na wengine. Kwa bei ya mfano ya franka 50 000 kwa gunia, ni franka 2 650 000. Na papa magazinie ana shemeji anayenunua mahindi vijijini. Kila mtu alijua. Sauti zikapanda.

“Kama mashini inasema miye niko muongo,” papa magazinie akasema, “ilete na mutu mwenye aliona.”

Tuseme kitu juu ya mashini na watu wetu, kwa sababu wageni wanaotuletea programu mara nyingi hawalijui. Katika kila familia ya upande huu kuna kijana aliyepita kwenye mashimo ya shaba na kobalti. Huyo kijana anajua depo ni nini. Amesukuma mifuko yake mpaka kwenye mizani, akaona mnunuzi anaelekeza kile kifaa kinachoitwa Metorex kwenye mawe, namba ikatoka kwenye kioo: asilimia kadhaa tu. Kwa namba hiyo analipwa. Hana kifaa cha kwake, hana namna ya kuhakikisha, akikataa arudi na mawe yake. Kwa hiyo ordinatere ikisimama mbele ya wanachama na kutoa jumla bila kuonyesha ilikotoka, wao tayari wameshaiona hiyo sinema. Wengine wanaiamini kupita kiasi, wengine hawaiamini kabisa, na pande zote mbili zinaweza kumharibia mtu jina.

Mstari wa mama mmoja

Aliyefungua fundo ni mama mmoja wa mstari wa nyuma. Alisimama, akanyoosha kitambaa chake.

“Miye sijue kusoma Kifaransa, mwanangu. Achana na hizo zote. Unionyeshe tu jina yangu na mifuko yangu, na makuta yenye nitapata.”

“Ndiyo, Mama,” binti akajibu. Akafunga diapo, akafungua tablo yenyewe, akatafuta jina. Kwenye kolone ya magunia: 5 na meka 6. Mama akasema ni sawa, ndivyo alivyoleta. Sasa makuta. Binti akaandika fomula ya kuzidisha magunia kwa bei, akabonyeza. Mahali pa franka pakatoka neno: #VALEUR!

Watu wakacheka kwanza, wakifikiri mama amekosa kitu. Binti hakucheka. Akaishusha fomula ile ile kwa wanachama wote 42, na #VALEUR! ikatoka kwenye mistari mingine minane. Mistari tisa, na yote tisa ilikuwa na neno “meka”. Tukamwona anachukua kalamu, akijumlisha kwa mkono kwenye mgongo wa daftari: magunia 50 na meka 60. Katika koperative hiyo walikwisha kupima kwa mizani: meka 20 zinajaza gunia moja la kilo 50. Basi meka 60 ni magunia matatu. Hamsini na matatu, hamsini na tatu.

Alichofanya baadaye ndicho kilichotufanya tuandike habari hii. Hakusema mashini imekosea. Alimgeukia papa magazinie mbele ya wote: “Papa, unisamehe. Miye ndiye nilinakili vibaya. Daftari lako liko sawa.” Akapiga magoti kidogo, kama mtoto anavyosalimia mzee. Papa magazinie alikaa muda bila kujibu, kisha akauliza: “Sasa utafanya namna gani ili isirudie?”

Swali zuri kuliko yote ya siku ile, na jibu lake ni hili.

Jinsi tablo ilivyojengwa upya

Kolone ya magunia ilipasuliwa mara mbili: moja ya magunia mazima, moja ya meka. Hakuna neno lolote linaloandikwa ndani, ni namba tupu. Neno “meka” limebaki juu kwenye kichwa cha kolone. Kolone inayofuata inajumlisha yenyewe: =B2+C2/20. Kwa yule mama inatoa 5,3.

Chini ya tablo aliweka walinzi wawili. Fomula =NBVAL inahesabu visanduku vyote vyenye kitu ndani; =NB inahesabu vile vyenye namba peke yake. Kwenye tablo ya zamani NBVAL ingesema 42 na NB ingesema 33. Tofauti, tisa, ndiyo mistari iliyokuwa imepotea. Sasa mama kesiere anajua: namba hizi mbili zisipolingana, hakuna kujumlisha, hakuna mkutano, kwanza tafuta. Anayetumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi hiyo hiyo, ikiwa kwa Kifaransa ataandika fomula kwa majina yale yale.

Mlinzi wa tatu hayuko kwenye ordinatere. Jumla ya daftari la mama kesiere na jumla ya daftari la papa magazinie zinaandikwa kwenye visanduku viwili vinavyokaa pamoja, na cha tatu kinatoa tofauti. Ikiwa sifuri, tunaendelea. Tunapenda sana kwamba madaftari haya yanaandikwa na watu wawili tofauti. Koperative yenye daftari moja ingeamini 318, na familia tisa zingetoka kwenye orodha ya malipo bila mtu kuiba hata punje.

Kisha malipo. Bei ya gunia imewekwa kwenye kisanduku kimoja peke yake, H1. Makato ya usafiri na mifuko kwa kila gunia yako H2. Kolone D ina jumla ya magunia, kolone E ina deni la mbolea, na malipo yanatoka kwa fomula =D2*$H$1-E2-D2*$H$2. Alama ya dola hapa haina uhusiano na dola ya mfukoni, ingawa mkutanoni iliamsha maswali: kuna waliofikiri watalipwa kwa pesa ya Marekani. Inaiambia Excel ibaki kwenye kisanduku kile kile hata fomula ikishushwa mpaka mstari wa mwisho. Bila alama hiyo, mstari wa pili utatafuta bei kwenye H2, wa tatu kwenye H3, na wanachama watalipwa kwa bei ya hewa.

Chukua mwanachama mwenye magunia 8, deni la franka 120 000, bei 50 000, makato 2 000 kwa gunia. Mazao yake ni 400 000. Toa deni, toa makato 16 000, anabaki na 264 000. Yule mama mwenye 5,3 na deni la 60 000 anapata 194 400. Fanyeni wenyewe kwa kalkulatrise ya simu. Papa magazinie aliifanya, mistari yote 42, siku nzima, na hakuna aliyemkataza.

Jambo moja la kukwepa: kupanga majina kwa alfabeti baada ya kuchagua kolone ya majina peke yake. Excel inaonya na kuuliza kama ipanue uchaguzi. Mtu mwenye haraka anaweza kuchagua kuendelea na kolone ile peke yake. Majina yanahama, magunia yanabaki, na kila mtu anakuwa na mahindi ya jirani. Kabla ya kupanga kitu chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina lenye tarehe.

Diapo tano

Mkutano wa pili ulikuja wiki mbili baadaye, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepungua. Diapo zilikuwa tano, kwa Kiswahili, herufi za kuonekana kutoka mlangoni. Ya kwanza: magunia yaliyoingia, kwa daftari mbili, namba sawa. Ya pili: mfano wa hesabu ya mwanachama mmoja, hatua kwa hatua, bila jina. Ya tatu: madeni ya mbolea kwa jumla. Ya nne ilikuwa mchoro. Ya tano, swali moja: tuuze yote sasa, au tungoje?

Orodha kamili ya wanachama haikuonyeshwa ukutani. Ilichapwa Kolwezi kwenye karatasi tatu na kubandikwa mlangoni mwa ghala siku nne kabla, ili kila mtu asome mstari wake kwa nafasi yake, au asomewe na mtoto wake. Wawili walikuja na masahihisho. Tunadhani karatasi hiyo ya mlangoni ilifanya kazi kubwa kuliko projektere, na ilikuwa rahisi zaidi.

Mchoro ulikuwa na nguzo kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, za bei ya meka sokoni jinsi mama kesiere alivyokuwa akiiandika mwaka uliopita pembeni mwa daftari lake. Hakuna aliyemwagiza kuandika. Alikuwa na desturi hiyo. Nguzo fupi ziko kwenye miezi ya mavuno, ndefu ziko kwenye miezi ya mvua, wakati ghala za watu zimekwisha na unga mwingi wa mjini unategemea mahindi ya Zambia. Kila mkulima anajua hivyo kwa tumbo lake. Kuiona imesimama ukutani ni kitu kingine, kulikuwa kimya.

Binti aliulizwa kwa nini nguzo zote zinaanzia sifuri wakati Excel ilikuwa imemletea mchoro mwingine mzuri zaidi. Aliwaonyesha. Mhimili ukianzia 2 400, bei ya 2 500 inakuwa na nguzo ya hatua moja na bei ya 2 900 nguzo ya hatua tano, na macho yanasema bei imepanda mara tano. Ukweli imepanda kwa 400. Mfanyabiashara anayetaka kuwauzia kitu anaweza kuwaletea mchoro wa namna hiyo. Angalieni chini ya nguzo mnaanzia wapi.

Sisi tuliongeza neno moja la agronomia, kwani mchoro wa bei hauonyeshi fukusi. Mahindi yaliyowekwa na unyevu unaozidi asilimia 13 au 14 yataota ukungu, na wadudu hawangoji Januari. Kungoja bei nzuri na magunia yaliyotobolewa ni kuuza vumbi. Binti akaongeza kisanduku cha hasara: weka asilimia unayoogopa kupoteza, uone kama bei ya Januari bado inalipa. Wanachama walijaribu 5, wakajaribu 15, wakabishana. Mwishowe wakakata: nusu iuzwe mara moja, kwa ajili ya kulipa madeni na minervale ya watoto, nusu ikaushwe tena na kutunzwa kwenye mifuko inayofungwa bila hewa.

Mbele ya wengine

Faili hiyo itatumika nje ya kijiji pia. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo inatuhusu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, inataka mkutano mkuu wa kila mwaka upitishe hesabu. Na sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inalazimisha kampuni za mgodi kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Hiyo ndiyo inayoitwa dotation. Koperative zilizo karibu na migodi zinaweza kupendekeza miradi: ghala, mashini ya kusaga, chokaa ya kupunguza ukali wa udongo wetu. Watu wa upande wa pili wa meza wanakuja na tablo zao. Koperative inayosema “tuna mahindi mengi” haina nafasi mbele ya nyingine yenye kusema magunia mangapi, ya wanachama wangapi, na mangapi yalioza kwa kukosa ghala.

Hapo ndipo mwanafunzi alituuliza kama aongeze diapo za historia ya koperative na picha za viongozi. Ushauri wetu: picha moja ya ghala lenye paa bovu, na namba ya magunia yaliyonyeshewa. Wengine wa komite hawakufurahi sana na ushauri huo. Picha za viongozi zilibaki mbili.

Kabla ya kwenda

Staji iliisha mwisho wa mwezi wa saba. Tumeona koperative nyingine ambako kijana alitengeneza tablo ya ajabu, yenye rangi na neno la siri, akaondoka, na siri ikaondoka naye. Hapa tuliomba juma la mwisho liwe la kufundisha tu. Waliokaa mbele ya ordinatere ni mama kesiere na kijana mmoja mwenye diplome d’Etat ambaye amerudi kutoka kwenye mashimo. Binti alikaa nyuma yao, mikono mapajani, amekatazwa kugusa.

Waliwekewa faili tupu na madaftari mawili. Iliwachukua siku mbili na nusu, betri ikizimika mara nne. Kijana alikuwa na mkono wa haraka. Mama kesiere alikuwa anamsomea na kufuata kwa kidole. Jumla ya kwanza ilitoka 371. Malipo yakatoka makubwa kupita kiasi, na kijana akaanza kuperuzi fomula moja moja. Mama kesiere aliangalia kisanduku H1 na kusema kwa sauti ndogo kwamba bei ina sifuri moja ya ziada.

Faili sasa iko mahali pawili: kwenye fleshi inayokaa katika sanduku la pesa, na kwenye simu ya katibu. Karatasi zilizochapwa ziko kwa papa magazinie, ambaye anasema atazifananisha tena na daftari lake mwezi wa kumi, kabla mbolea ya msimu mpya haijagawanywa.